Mwaka wa Mwisho wa Rangi ya Maziwa

Zuhura alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa dukani kwangu Westlands nikipangusa vumbi kwenye vioo vya makasha ya kompyuta. Hakuzunguka. "Baba ametangulia," alisema, "hii ni wiki ya pili. Tulikutafuta, lakini ile namba yako ya zamani haishiki. Hii nimeipata leo." Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Mzee Athman, babake Zuhura, ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na kuna maneno mawili niliyopaswa kuyasema mbele ya watu kuliokoa jina lake, siku moja mchana, katika chumba cha chini cha shule moja ya Parklands. Ni mimi. Hayo tu ndiyo yaliyohitajika. Niliyameza, na nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Basi mimi nilipewa ndefu, yenye lami. Nikamuuliza Zuhura kama mama yake anapokea wageni. "Yuko eda," alisema, "hatoki nje, lakini wanawake wanaingia kumpa pole. Njoo Jumamosi." Nilijua pale pale kwamba nitakwenda kuyasema, na nilijua pia kwamba kati ya Jumanne na Jumamosi nitajitafutia sababu mia za kutokwenda. Ndivyo nilivyo.

Habari za kwetu nitaziruka. Wazazi walikuwako, shamba lilikuwako, ndugu walikuwako na kelele zao, na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoeleza yaliyotokea. Ninachokikumbuka ni chumba. Kilikuwa orofa ya tatu, katika jengo moja la nyuma ya Luthuli Avenue, kimegawanywa kwa mbao nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakujibu. Upande mmoja kulikuwa na mafundi wawili wa kushona sare za shule, Mama Ciku na mwenzake. Upande wa pili kijana mmoja aitwaye Oti aliuza waya, vipuri na maneno. Katikati tulikuwa sisi, mimi na Mzee Athman, na makasha ya kompyuta yaliyopangwa hadi darini. Nairobi nzima hulitaja kasha lile kuwa ni sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kidude kidogo kilichojificha ndani, na Mzee alikuwa amekata tamaa ya kuwasahihisha watu. "Waache," alikuwa akisema. "Mtu humwita mwenziwe kwa uso, hamwiti kwa ini."

Kazi yetu ilikuwa uso. Kompyuta zililetwa kutoka Ulaya zikiwa zimeshachoka, zimefukuzwa maofisini huko, na zote, bila kubagua kiwanda, zilikuwa na ile rangi ambayo haina jina zuri katika lugha yoyote ninayoijua. Si nyeupe, si kahawia, si manjano. Wateja walisema rangi ya kompyuta, wakaridhika. Mzee yeye aliipa majina kumi na moja. Kulikuwa na maziwa mabichi, maziwa yaliyochemka, uji mwepesi, uji mzito, pembe, mfupa, jino, jino la mvuta sigara, na mengine ambayo nikiyataja sasa nitacheka. Sababu ni kwamba plastiki ile ikikaa juani ilikuwa inaiva. Kasha lililokaa karibu na dirisha la Liverpool au Rotterdam miaka sita lilitufikia likiwa na shavu moja la maziwa na shavu jingine la samli. Kisha mafundi walikuwa wakichanganya: uso wa kasha hili, ubavu wa lile, mlango wa diski wa lile jingine, hadi mashine nzima ikawa na viraka. Hapo ndipo tulipoletewa sisi. Tuliosha kwa sabuni ya unga, tukapiga msasa, tukachanganya rangi, tukapuliza, tukaanika juu ya paa la jengo kati ya nguo za watu. Mashine iliyotoka kwetu ilikuwa na rangi moja tangu utosi hadi unyayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yetu.

Jicho la Athman, watu walisema katika jengo lile. Ukimtaja fundi mwingine husema mkono wake ni mzuri. Yeye walisifu jicho. Kabla ya kompyuta alikuwa akipaka mafriji Mombasa, kwa maana friji la Mombasa huliwa na chumvi mpaka likabaki mifupa, na huko ndiko alikojifunza kwamba nyeupe si moja. Alitazama kasha kwa muda wa kunywa funda moja la chai, akamimina nyeupe kwenye kopo, tone la udongo mwekundu, ncha ya kijiti ya nyeusi, akakoroga, akajipaka kwenye ukucha wa kidole gumba, akausogeza ukucha karibu na plastiki. Ukucha ulipotea. Sitii chumvi, ulikuwa ukipotea kabisa, ukabaki unaona kidole kisicho na ukucha. Mama Ciku alipokuwa na kitambaa kigumu cha kutafutia uzi alikuwa akikipitisha juu ya mbao, "Baba Zuhura, hebu niangalizie, hii ni maruni ama ni ile ya damu ya mzee?" naye anachagua bila hata kusimamisha kazi. Sijaona mtu akipendezwa na jambo dogo kiasi kile. Uzi ukishachaguliwa alikuwa akinitazama kidogo, kuhakikisha kwamba nimeona.

Saa nne tulikula. Mkewe, Bi. Rukia, alimfungia mahamri na mbaazi za nazi katika bakuli lenye mfuniko, mengi kuliko tumbo la mtu mmoja, na mimi nilikuja na githeri ya nyumbani, mahindi na maharagwe. Tulibadilishana bila kujadiliana. Alikula githeri polepole akitoa mahindi magumu na kuyapanga ukingoni mwa sahani, akasema watu wa bara tuna meno ya punda, nami nikamwambia watu wa pwani wanakula chakula cha wagonjwa. Kiswahili changu kilimuumiza. "Kompyuta yangu imeharibikaharibika, kitu yake ya ndani iko na shida," nilikuwa nikisema, na yeye alikuwa anafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Huku tukitafuna tulisikiliza mbao. Mwenzake Mama Ciku alikuwa na mume aliyenunua kompyuta kwa ajili ya watoto, akaiweka sebuleni mahali pa televisheni, na yule mke mwenyewe ameifumia vitambaa, kimoja cha skrini, kimoja cha kibodi na kikubwa cha sipiyu. "Na mnaitumia?" akauliza Mama Ciku. "Kuitumia na nini? Bado tunaizoea." Mzee alicheka mpaka mbaazi zikampalia.

Vitambaa vile vya kufuma vilikuwa na mambo yake. Siku moja dereva alituletea mashine kutoka nyumba kubwa ya Spring Valley, na tulipokitoa kitambaa tulikuta maua. Jua lilikuwa limepita kwenye matundu ya nyuzi miaka mingi, likaivisha plastiki pale tu lilipofika, na kasha lote lilikuwa limechapwa maua ya manjano, mistari na pembe zake, hata lile fundo ambapo mfumaji alikosea akarudia. Tulipaswa kulipaka. Mzee aliliweka juu ya meza, akalizungukia, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akalirudisha. Kisha akaniambia niteremke nikampigie simu mwenye nyumba nimuulize kama ana hakika. Yule mama alidhani tunatafuta kuongezewa malipo. Tukalipaka, maziwa yaliyochemka, maua yakaondoka. Huwa naliota kasha lile hata leo. Katika ndoto liko juu ya paa peke yake, na mimi nimesimama na bunduki ya rangi, siwezi kuifyatua wala kuiweka chini.

Mwaka ule ulikwenda hivyo, kwa upole, katika harufu ya thina na nazi, na mimi nikaanza kuwa na jicho. Nalisema bila haya kwa sababu ni kweli. Kufikia mvua za mwezi wa nne nilikuwa naweza kutenganisha pembe na mfupa nikiwa mlangoni. Kufikia Juni ukucha wangu nao ulianza kupotea. Mzee aliacha kunikagua. Nilikuwa nikipanda ngazi asubuhi nikitazama kuta za jengo, sahani za wauza chai, meno ya watu, nikijiambia hii imezidi udongo, hii inataka tone la nyeusi. Nilijiona nimepata kazi ya maisha yangu yote. Sikujua kwamba ulimwengu ulikuwa karibu kuitupa rangi ile yote jalalani.

Kazi kubwa ilikuja Julai. Shule moja ya Parklands ilikuwa imepewa mashine ishirini na wafadhili, na kila moja ilikuwa na uso wa kwao. Mwalimu mkuu alikuwa mama mwembamba mwenye miwani ya mnyororo, naye alipanda orofa zote tatu mwenyewe kuja kutuona. Alitaka rangi moja. "Watoto wangu wanavaa sare," alisema, "na mashine zao zitavaa sare. Wazazi wanakuja siku ya ufunguzi, sitaki kuona kiraka." Alikuwa ameambiwa habari za jicho la Athman na mzazi mmoja wa Kitisuru. Mzee alifurahi hadi akammiminia chai ya tangawizi kikombe cha pili bila kumuuliza. Alichagua pembe, akachanganya kopo moja kubwa kwa mkono wake, akaliandika kwa kalamu, PARKLANDS. Siku ya pili yake akapigiwa simu kwamba dadake Mombasa amezidiwa. Akafunga begi. Pale mlangoni alinipa funguo na agizo moja tu.

"Mwanangu," alisema, "rangi hutazamwa pale itakapoishi. Ukimaliza vifuniko viwili vya kwanza, vichukue mkononi, nenda navyo hadi Parklands, ingia chumbani mwao, vitazame mle ndani. Ndipo uendelee."

"Sawa, Mzee."

"Mle ndani, Njeri. Si uwanjani."

Kopo lilitosha makasha kumi na moja. Sijui alikosea hesabu au mimi nilipuliza kwa mkono mzito. Nafikiri ni mkono wangu. Nilishuka hadi Kirinyaga Road nikanunua nyeupe nyingine, na udongo wa duka jingine kwa sababu ule wetu ulikuwa umekwisha, nikapanda juu ya paa nikachanganya mwenyewe. Mara ya nne ukucha ulipotea. Niliviweka vifuniko viwili vya akiba, visivyo vya shule, kando kando juani, kimoja cha kopo la Mzee na kimoja cha kwangu, nikamwita Mama Ciku aje anionyeshe kipi ni kipi. Alivitazama, akavigeuza, akasema, "We msichana, sasa umekuwa yeye." Sijawahi kusifiwa namna ile kabla wala baada. Nikavifunga vyote viwili kwa gazeti na kamba, nikavitia kwenye mfuko, nikaanza safari ya Parklands niliyoagizwa, ingawa nilikuwa nimeichelewesha.

Kwenye ngazi nikakutana na Oti, amevaa shati jipya. "Niaje, Njeri. Unapeleka wapi hizo mabati?"

"Parklands. Kazi ya Mzee."

"Si Parklands na Westlands ni hapo kwa hapo? Kuja kwanza nikuonyeshe kitu. Kuna maonyesho kwa hoteli, wameleta mashine mpya. Dakika tano tu, alafu uende."

Nikaenda. Tulishuka Westlands tukaingia katika ukumbi wenye zulia na baridi ya kutengenezwa, na pale mbele, juu ya meza zenye vitambaa vyeupe, zilikuwa zimesimama nyeusi. Nyeusi tupu, nyeusi ya kung'aa, uso mwembamba wenye mstari wa fedha na taa ya buluu iliyokuwa ikipumua. Moja ilikuwa na dirisha ubavuni, na ndani yake feni inazunguka katika mwanga, na ungeweza kuona kila kitu ambacho sisi tulikuwa tukikificha. Watu walinong'ona, hawakusema kwa sauti. Nilisimama pale na mfuko wangu wa gazeti. Nilihisi uchungu, nilihisi hamu, na nilimwonea Mzee hasira, hasira kabisa, kana kwamba alikuwa amenificha jambo. "Hizo rangi zenu za uji zimeisha," Oti aliniambia sikioni. "Dunia inaenda black, na hiyo haitaki jicho la mtu. Black ni black." Dakika tano zikawa mchana mzima. Tulipotoka nilipita kwa miguu kando ya ua wa shule ile. Niliona paa lake, nikasikia watoto wakiimba majedwali ya kuzidisha. Lango lilikuwa wazi. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeona mbele, na vifuniko vile vilikuwa vimekubaliana juani mbele ya shahidi. Nikapita.

Mzee alipiga simu jioni ile kutoka hospitali ya Mombasa. Dadake hakuwa na nafuu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekaa kwenye benchi kutwa. "Ulikwenda?" akaniuliza.

"Nilienda."

"Ukatazama ndani?"

"Nikatazama, Mzee. Iko sawa."

"Mungu akubariki," akasema, na akakata.

Alirudi baada ya kuzika, usiku wa kuamkia siku ya ufunguzi, na kazi ilikuwa imeshapelekwa. Kesho yake tukakutana langoni Parklands, yeye katika kanzu na koti, mimi katika sketi niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Chumba cha kompyuta kilikuwa chini ya ardhi, hakina hata dirisha moja, kwa sababu ya wezi. Kina taa ndefu za mirija darini. Sikuwa nimekiona kamwe. Wazazi walikuwa wamejaa ukutani, mashine zimefunikwa shuka, na mwalimu mkuu alisema maneno machache, akatoa ishara, na wanafunzi wakubwa wakazivuta shuka zote kwa pamoja.

Zilikuwa rangi mbili. Juani zilikuwa rangi moja, naapa, Mama Ciku ni shahidi yangu, lakini chini ya mirija ile kumi na moja zilibaki pembe, safi, kama Mzee alivyozitaka, na tisa ziligeuka waridi. Waridi ya ufizi. Zilikuwa zimechanganyika mstari kwa mstari, hii ufizi, hii pembe, hii ufizi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba rangi mbili zaweza kupatana kwenye mwanga mmoja na kukosana kwenye mwingine, ikiwa zimetengenezwa kwa vitu tofauti. Mzee hakuwa amesoma popote. Alijua tu kwamba rangi hutazamwa pale itakapoishi. Mzazi mmoja akacheka kwa pua. Mwalimu mkuu akashusha miwani. "Bwana Athman," alisema, na hakupandisha sauti, "nilikuagiza rangi moja. Niliambiwa wewe ndiye mwenye jicho."

Mzee alizitazama mashine. Alikwenda hadi kwenye moja ya zile za waridi, akaigusa kwa kidole gumba, akaigeukia ya pembe, na nikaona kwamba ameshaelewa yote, kopo, udongo wa duka jingine, simu. Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Ulikuwa mtazamo mrefu wa kutosha mtu kusema maneno mawili. Niliogopa kufukuzwa. Zaidi ya hapo, niliogopa kwamba wataniona mimi, msichana aliyekuwa ameanza kuwa na jicho, kuwa sina. Nikatazama sketi yangu.

"Ni macho yangu, mwalimu," akasema Mzee. "Uzee umeingia bila kupiga hodi. Nisamehe. Nitazipaka upya."

Tulizipaka upya katika uwanja wa shule, siku tatu, zote nyeusi. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyetaka nyeusi, kwa maana alikuwa hataki tena kusikia habari za jicho. Nyeusi haikuwa na kazi. Unafungua kopo, unapuliza, umemaliza. Wakati wa chakula Mzee alikaa kivulini akinitazama nikifanya yote, na alipozungumza ni kuniuliza kama nimekula. Tuliporudi mjini aliona chini ya meza yangu vile vifuniko viwili, bado vimefungwa kwa gazeti na ile kamba, fundo halijaguswa. Akavisogeza kwa mguu ili apite. Mpaka leo nashindwa kujua kama ningempenda zaidi au kumchukia zaidi kama angesema neno.

Habari za macho yake zilipanda ngazi kabla yetu. Jumatatu iliyofuata Mama Ciku alitoka na kitambaa chake mkononi, akapita mbele ya mlango wetu, akashuka hadi duka la nyuzi la chini. Alipita haraka, akitazama mbele. Mzee alimwona akipita, na akaendelea kupanga makopo ambayo yalikuwa yameshapangwa. Baadaye wanawe wawili wa kiume walikuja, vijana wenye kazi za ofisini, wakamwambia kwa heshima zote kwamba baba umefanya kazi vya kutosha, na rangi zina moshi, na macho ndiyo hayo. Wakaichukua kompresa, ile mashine ya kupulizia rangi. Akabaki anauza nyaya na vipanya vya kompyuta. Mwezi wa kumi na mbili Oti alifungua duka kubwa la mashine nyeusi akaniita, nami nikaenda. Nilimuaga Mzee asubuhi, amekaa nyuma ya kaunta, na akanipa bakuli la mahamri nipeleke nyumbani, na akanisisitiza nilirudishe bakuli. Nililirudisha kwa mkono wa mtu mwingine.

Kwa hiyo nimeishi kwa nyeusi. Baada ya nyeusi nimeuza makasha yenye madirisha, baada ya madirisha taa za rangi zote, halafu vioo pande tatu, halafu nyeupe ya theluji ambayo vijana waliipenda kana kwamba haijawahi kuwako. Na mwaka jana kijana mmoja wa Kitisuru, amevaa viatu vya bei ya ng'ombe, alinionyesha picha kwenye simu yake. "Aunty, unaweza kunipatia case ya hii rangi? Ile ya kitambo, ya zile kompyuta za kina mamangu." Yalikuwa maziwa yaliyochemka. Nilimwambia naweza, lakini kwanza nitakwenda nyumbani kwake nikatazame chumba kitakapokaa. Alidhani natania. Siku hizi sipaki kitu chochote bila kwanza kwenda kusimama mle ndani, na wateja wananisifu kwa huduma bora. Nikisifiwa hivyo huwa natafuta kazi nyingine ya mikono mpaka waondoke.

Jumamosi nilikwenda. Zuhura anakaa Parklands, ghorofa ya pili, na alinifungulia mlango mwenyewe, mwanamke mzima sasa mwenye mvi mbele, akanipa leso nijifunike. Nilikuwa nimeleta sukari na mchele. Bi. Rukia alikuwa amekaa chumba cha ndani juu ya mkeka, amevaa nyeupe isiyo na nakshi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na macho yake yalikuwa na utando. Alinishika uso kwa mikono miwili ili anitambue. "Njeri wa githeri," akasema. Aliniuliza habari za kazi, za watoto, za magoti. Zuhura akaleta chai. Nilijua nikinywa kikombe kile chote nitaaga na kuondoka, kwa hiyo nikakiweka chini kikiwa kimejaa.

"Bi. Rukia, ile siku ya shule," nikasema. "Zile rangi mbili. Hayakuwa macho yake. Nilichanganya mimi, aliniagiza nikatazame, sikwenda, akanipigia simu nikamdanganya kwamba nimekwenda. Alibeba yeye. Mimi nilikuwa nimesimama pale na nikanyamaza."

Zuhura aliiweka birika chini. "Kaka zangu walimnyang'anya kazi yake," alisema. "Unajua alikuwa anakaa dirishani anataja rangi za magari? Sisi tulikuwa tunacheka. Tulidhani anabahatisha." Sauti yake ilikuwa ya hasira, na alikuwa na haki nayo. Niliomba msamaha. Nilitoa maneno niliyoyapanga tangu Jumanne na yote yalikuwa mafupi kuliko nilivyodhani.

Bi. Rukia hakuwa akitusikiliza tena. Alikuwa amegeuza uso ukutani, na midomo yake ilikuwa inahesabu kitu. Kisha akauliza, polepole, "Kwa hiyo macho yake hayakuwa na ila?"

"Hayakuwa na ila. Sijaona mwenye macho kama yale."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimchagulia nguo," akasema. "Tangu siku ile. Nilisema asije akachanganya rangi akatoka kuchekwa na watu. Kila asubuhi namwekea kitandani, namwambia, hii ya samawati, Athman, hii ya kijani. Naye ananiambia ahsante, mke wangu. Mpaka macho yangu mimi yakaanza kuingia ukungu, wala sikumwambia mtu, nikaendelea kumchagulia." Akaushika mkono wangu, akaubana. "Nimekuja kuambiwa baadaye sana na jirani kwamba nilikuwa nikimpa soksi moja nyeusi na moja nyekundu. Alizivaa, Njeri. Akaenda nazo msikitini. Na alikuwa anaona."